Waya wa taa wa mita 24 Tabata: nguvu za maegemeo na mvuto wa waya zinapigwaje?

Boma_Tabata

Habari wakuu. Naomba msaada wa hesabu kabla vifaa havijanunuliwa. Uwanja wa ukumbi wa sherehe huku Tabata unatakiwa kuwekewa taa za juu. Waya wa chuma wa kusokotwa, mm 10, wenye zinki, utavuka uwanja, kisha kebo ya umeme na taa zitaning'inizwa kwenye waya huo.

Upande wa A kuna nguzo ya bomba la chuma, kipenyo mm 114 na unene mm 4.5, waya utafungwa m 5 kutoka ardhini. Upande wa B ni jengo la ghorofa, utafungwa m 6.5 kutoka ardhini. Umbali wa mlalo kati ya A na B ni m 24. Waya una kg 0.4 kwa mita, kebo kg 0.4 kwa mita, taa zipo kila baada ya m 2 na kila moja pamoja na vifungo vyake ni kg 2.4.

Jumla napata kg 2 kwa mita, yaani karibu N 20 kwa mita, N 480 kwa waya wote. Nikigawa kwa mbili, kila upande unabeba N 240. Huo ni mzigo mdogo kuliko mfuko mmoja wa saruji, na nguzo hiyo naona inaubeba bila shida. Fundi anasema hapana, nguzo lazima iwe na stei nyuma, yaani waya wa kuishikilia unaofungwa kwenye kitako kikubwa cha zege ardhini. Mwenye ukumbi naye anataka waya uvutwe mpaka unyooke kabisa, usifanye tumbo. Hesabu yenyewe inaendaje?

NguvuMlalo

Mkuu, fundi yuko sahihi, na anachotaka mwenye ukumbi ndicho cha kuogopa zaidi.

N 480 ni uzito tu. Waya hauna ugumu wa boriti. Unachoweza ni kuvuta, na unavuta kwa kufuata mwelekeo wake. Ukiwa karibu na mlalo, sehemu ya wima ya mvuto wake ni ndogo sana, kwa hiyo ili zipatikane N 480 za kubeba mzigo, mvuto wenyewe lazima uwe mkubwa mara nyingi zaidi.

Chukua waya kana kwamba umeukata katikati, upige momenti (nguvu mara umbali) ya nusu moja. Momenti ya mzigo katikati ni ile ile ya boriti iliyolala juu ya maegemeo mawili, w ikiwa mzigo kwa mita na L upana:

wL²/8 = 20 × 24² / 8 = N·m 1,440

Boriti huihimili momenti hiyo kwa unene wake. Waya huihimili kwa nguvu ya mlalo H ikizidishwa na mlegeo d. Mlegeo hapa upime vizuri: ni umbali wa wima kutoka mstari ulionyooka wa A hadi B kushuka mpaka kwenye waya, katikati ya upana. Haupimwi kutoka kwenye nguzo fupi wala kutoka kwenye nguzo ndefu. Kwa hiyo H = 1,440 / d.

Ukiacha mlegeo wa m 0.8, H ni N 1,800. Ukikaza ubaki m 0.4, ni N 3,600. Kwa m 0.2 ni N 7,200, na kwa m 0.1 ni N 14,400, karibu tani moja na nusu, kwa taa zile zile. Wa kunyooka kabisa haupo. Ungetaka nguvu isiyo na mwisho.

Mizigo yote ikiwa ya wima, H ni ile ile kila mahali kwenye waya. Kinachobadilika ni sehemu ya wima, V. Kama maegemeo yangekuwa kimo kimoja, kila upande ungepata N 240 kama ulivyosema. Lakini B iko juu ya A kwa h = m 1.5, hivyo kwa mlegeo wa m 0.8:

V ya A = wL/2 − Hh/L = 240 − 1,800 × 1.5 / 24 = N 127.5
V ya B = wL/2 + Hh/L = 240 + 112.5 = N 352.5

Jumla ni 480, ndivyo unavyohakiki. Mvuto wa waya kwenye egemeo ni kipeo cha pili cha H na V vikijumlishwa, kisha kutafuta kipeuo: upande wa A N 1,805, upande wa B N 1,834. Mvuto mkubwa zaidi daima uko kwenye egemeo la juu.

Sehemu ya chini kabisa ya waya iko pale ambapo V inaisha, yaani 127.5 / 20 = m 6.4 kutoka A, si katikati. Hapo waya umeshuka chini ya A kwa wx²/(2H) = m 0.23 tu, kwa hiyo uko m 4.77 kutoka ardhini. Toa urefu wa taa ujue kama gari la vyakula linapita.

Sasa angalia kinachotokea ukikaza. Kwa mlegeo wa m 0.2, H ni 7,200 na V ya A inakuwa 240 − 450 = N −210. Alama ya kutoa maana yake waya unainyanyua nguzo ya A badala ya kuikandamiza. Mpaka wake ni mlegeo wa h/4, kwako m 0.375. Chini ya hapo waya hauna tena sehemu ya chini ndani ya uwanja, wote unapanda kutoka A kwenda B, na kifungo cha A kilichowekwa kama ndoano iliyo wazi upande wa juu kinaweza kuuachia. Mara nyingi hili halikaguliwi kwa sababu mtu ameshazoea kwamba mzigo huenda chini.

Stei_Segerea

Naongezea upande wa nguzo, maana ndiko kazi nyingi zinakoharibikia.

Bomba la mm 114 × 4.5 ukilisimamisha bila stei, H ya N 1,800 ikivuta kwenye m 5 inaleta momenti ya kN·m 9 kwenye shina. Uwezo wa kuhimili kupinda wa bomba hilo ni kama mm³ 41,000, kwa hiyo chuma kinapata mkazo wa MPa 220. Chuma cha kawaida cha bomba huanza kupinda moja kwa moja kwenye MPa 235 hivi. Hujaweka upepo wala mtu mwenye ngazi. Hakuna akiba hapo.

Kuna jambo lingine kabla hata ya kufika kwenye kuvunjika. Bomba hilo likivutwa na N 1,800 kwenye kilele linainama kama mm 160. Kilele kikisogea ndani, waya unalegea, H inapungua, nguzo inarudi kidogo, mpaka vipatane. Ukifuatilia hesabu, vinapatana H ikiwa karibu N 1,150 na mlegeo m 1.25. Yaani uliupima waya kwa mlegeo wa m 0.8, taa zikapandishwa, ukapata tumbo la mita moja na robo. Hapo ndipo mtu anachukua kikazio na kuendelea kukaza, nguzo inaendelea kuinama, na haijulikani tena nani anamvuta nani.

Weka stei. Ikifungwa kwenye kimo kile kile cha waya na kushuka kwa nyuzi 45, kitako kikiwa m 5 nyuma ya nguzo, mvuto wa stei ni H × 1.41. Nguzo haipindwi tena, inakandamizwa tu kwa H + V ya A. Ukikosa nafasi ukaisimamisha stei kwa nyuzi 60, kitako kinakuwa m 2.9 nyuma ya nguzo, lakini mvuto wa stei unafika H × 2 na kitako kinanyanyuliwa kwa H × 1.73. Viwanja vya Tabata ni vidogo, najua kishawishi cha kuisogeza stei karibu. Gharama yake inahamia kwenye zege.

Stei isifungwe chini ya kifungo cha waya. Kila sentimita kati ya vifungo hivyo viwili inarudisha momenti kwenye bomba.

Kitako kipigie hesabu kwa H ya kN 5, ili kibaki na nafasi ya mzigo utakaoongezwa baadaye. Kwa nyuzi 45 kitako kinanyanyuliwa kwa kN 5 na kuburutwa kwa kN 5. Watu hupiga ya kunyanyua peke yake: zege ni kN 24 kwa mita ya ujazo, 5 × 1.5 / 24, wanapata m³ 0.3 na kuridhika. Kuburutwa ndiko kunakoamua. Ukitegemea msuguano wa 0.4 peke yake, kitako cha m³ 1 kina kN 24, toa 5 za kunyanyua zinabaki 19, mara 0.4 ni kN 7.6. Hicho kinatosha kwa akiba ya 1.5.

Lakini kiwanja kikiwa bondeni, maji ya masika yakapanda mpaka juu ya kitako, zege lililozama linabaki na kN 14 tu za uzito wake. Toa 5, zidisha 0.4, unapata kN 3.6, kitako kinatembea. Mahali kama hapo kifukie chini vya kutosha ili udongo wa mbele yake usaidie, ushindilie udongo huo kwa matabaka, au ongeza ukubwa. Mchanga uliorudishwa kwa koleo bila kushindiliwa usiuhesabu.

Hisabati_Kimara

Swali dogo kwa NguvuMlalo. Waya unaoning'inia kwa uzito wake wenyewe haufuati parabola. Leibniz, Huygens na Johann Bernoulli walilitatua hilo mwaka 1691. Fomula ya wL²/8d ni ya parabola. Kwa nini unaitumia?

NguvuMlalo

Kwa sababu kwa mlegeo huu tofauti haipimiki. Parabola inachukulia mzigo umegawanyika sawa kwa mita ya mlalo, mkunjo halisi unachukulia mita ya waya wenyewe. Kosa kwenye H ni karibu 1.33 × (d/L)². Kwa d/L ya 1/30 ni asilimia 0.15, kama N 3 kwenye 1,800. Taa moja iliyolowa mvua ina kosa kubwa kuliko hilo. Mlegeo ukifika 1/8 ya upana, kosa ni asilimia 2. Ukifika 1/4 ni karibu 7, na hapo ndipo utumie mkunjo halisi, ambao una uzuri wake: maegemeo yakiwa kimo kimoja, mvuto kwenye egemeo ni H + wd, bila kipeuo chochote.

Mtu asije akachukua fomula hii akaipeleka kwenye nyaya za Daraja la Nyerere kule Kigamboni. Lile, lenye mita 680 na lililofunguliwa mwaka 2016, linabebwa na nyaya zilizonyooka kutoka kwenye minara mpaka kwenye sakafu. Kila waya pale unapigwa kama mstari wa kuvuta wenye pembe yake, na mlegeo wake unaingia kama sahihisho dogo tu.

Boma_Tabata

Nimeelewa vizuri, asanteni sana. Mawili yameongezeka. Mwenye ukumbi anasema siku za sherehe atataka kutundika bango la kilo 60 katikati ya waya. Na siku za jua kali afunge turubai la upana wa m 3 kati ya waya huu na mwingine utakaowekwa sambamba. Waya wa mm 10 utahimili?

NguvuMlalo

Bango linawezekana. Turubai hapana.

Bango la N 600 katikati linaongeza momenti ya PL/4 = 600 × 24 / 4 = N·m 3,600. Jumla 5,040. Uzito umekuwa mara mbili na robo, momenti imekuwa mara tatu na nusu, kwa sababu mzigo wote mpya umekaa mahali pabaya kuliko pote.

Usigawe 5,040 kwa 0.8 ukasema H ni 6,300. Urefu wa waya haujabadilika, lakini umbo limebadilika kuelekea pembetatu, na kwa urefu ule ule pembetatu hushuka zaidi katikati. Waya usiotanuka kabisa ungetua kwenye mlegeo wa m 0.91 na H ya N 5,530. Waya halisi unatanuka. Wa kusokotwa wa mm 10 una chuma cha karibu mm² 40, na ugumu wake nauchukua GPa 100, ambao ni nusu ya ule wa chuma kizima kwa sababu nyuzi zinajibana kwanza. Ukiingiza hilo, mlegeo unakuwa karibu m 1.02 na H karibu N 4,900. Hiyo inaingia ndani ya kN 5 aliyoitumia Stei_Segerea.

Uwezo wa waya: mm 10 wenye moyo wa nyuzi zisizo za chuma, chuma cha daraja la 1770 (nyuzi zake hukatika kwenye MPa 1,770), hukatika kwenye kN 54 hivi. Soma cheti cha ule utakaouziwa, maana dukani utapewa waya unaofanana kwa macho na hauna cheti. Gawa kwa 5, upate kN 10.8. Kitanzi kilichofungwa kwa klampu kinabaki na kama asilimia 80 ya nguvu ya waya, basi kN 8.6. Kwa kN 5 uko salama. Ukiwa umekaza mpaka mlegeo wa m 0.1, taa peke yake zingekuwa zimeshavuka kikomo hicho kabla ya bango.

Upepo wa m/s 30 unasukuma kwa Pa 550 hivi. Kwenye waya, kebo na taa, tuseme eneo la m² 0.042 kwa kila mita, ni kama N 23 za pembeni kwa mita. Ukijumlisha na N 20 za wima kwa kipeuo ni N 30.5 kwa mita, H inapanda hadi N 2,750. Hilo linabebeka, ila bango lishushwe kabla ya upepo, kwa sababu eneo lake peke yake ni kubwa kuliko la taa zote.

Turubai la m 3 lililofungwa kati ya nyaya mbili linaupa kila waya m 1.5 ya kitambaa: 550 × 1.5 = N 825 kwa mita. H = 825 × 72 / 0.8 = N 74,000 (72 ni L²/8). Waya unakatika kwa 54,000. Kabla haujakatika, nguzo na kitako vitakuwa vimekwisha ng'oka. Turubai lijengewe fremu yake.

Stei_Segerea

Kwenye kufunga, haya ndiyo yanayoharibu hesabu nzuri.

Mstari ulionyooka kutoka A hadi B ni m 24.047. Waya wenye mlegeo wa m 0.8 ni m 24.118. Tofauti, 8d²/(3L), ni sentimita 7 tu, na mlegeo wote wa sentimita 80 unatoka humo. Ukikosea kukata kwa sentimita 3 pungufu, mlegeo unashuka hadi m 0.61 na H inapanda hadi N 2,370. Kwa hiyo usitafute mlegeo kwa futi kamba chini. Acha waya wa ziada wa vitanzi, weka kikazio cha skrubu upande mmoja chenye nafasi ya kutosha kwenda na kurudi, na urekebishe waya ukiwa juu.

Kuupima ukiwa juu: weka alama kwenye nguzo sentimita 80 chini ya kifungo, na kwenye jengo sentimita 80 chini ya kifungo. Simama kwenye alama moja uangalie nyingine. Mstari wa macho ukigusa waya katikati, umefika. Kanuni hii inafanya kazi hata kama pande hazilingani kimo.

Njia ya pili, kabla ya kupandisha kebo na taa: piga waya kwa mkono karibu na A na uhesabu mapigo yanavyorudi. Mlegeo kwa mita ni 0.307 × t², t ikiwa sekunde za pigo moja kwenda na kurudi. Waya mtupu utakuwa haujatanuka, hivyo lengo lako ni m 0.75 ili ukibeba taa utue kwenye 0.8. Mapigo kumi yanatakiwa kuchukua sekunde 15.6. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kujua uzito wa waya wala umbali. Taa zikishaning'inizwa, pigo linavunjika kila linapokutana na taa na kipimo hakisomeki.

Joto: waya ukiachwa na mlegeo wa m 0.8, ukipoa kutoka nyuzi 50 za jua la mchana hadi 22 za alfajiri, H inaongezeka kwa kama N 100. Uliokazwa mpaka m 0.2 mchana unaongeza zaidi ya N 1,000 kila usiku.

Upande wa jengo, boliti ya jicho isiingie kwenye tofali. Tofali la saruji halijaumbwa kuvutwa kwenda nje. Tafuta nguzo ya zege yenye nondo au linta, toboa mpaka upande wa pili, weka bamba la chuma nyuma na nati mbili. Kama huwezi kutoboa mpaka nyuma, boliti ya gundi ya kemikali kwenye zege zima, tundu likiwa limepulizwa vumbi lote. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi. Jicho liwe la kufuliwa au lililofungwa kwa kuunganishwa. Jicho la chuma kilichokunjwa tu hufunguka chini ya mzigo mdogo sana.

Kwenye vitanzi, mm 10 inataka klampu tatu, umbali wa mm 60 kati ya moja na nyingine. Mgongo wenye meno ukae upande wa waya unaobeba, ule upinde wa U ukae juu ya ncha iliyokatwa. Zikigeuzwa, upinde unaponda nyuzi zinazobeba. Ndani ya kitanzi weka kile chuma cha umbo la tone ili waya usijikunje kwenye jicho. Klampu zikazwe, waya upewe mzigo, kisha zikazwe tena, kwa sababu waya ukivutwa unakuwa mwembamba kidogo. Vikazio vya skrubu vifungwe kwa waya mdogo, la sivyo mtikisiko wa upepo utavizungusha.

Boma_Tabata

Basi mlegeo unabaki m 0.8, stei nyuzi 45, kitako m³ 1, turubai linafutwa. Zinki itakaa muda gani na hewa hii ya bahari?

Stei_Segerea

Usikisie kwa miaka, kagua kwa macho. Kila baada ya masika shusha macho kwenye maeneo matatu: chini ya klampu, kwenye tundu la kitanzi, na pale stei inapoingia kwenye zege. Hapo pa mwisho ndipo maji hukaa. Fimbo ya kitako itoke juu ya ardhi angalau sentimita 15, na juu ya zege kuwe na mteremko. Ukiona unga mwekundu ukitoka katikati ya nyuzi, moyo wa waya umeshalowa na nje kukaonekana kuzuri. Badilisha waya huo. Nyuzi zikianza kukatika karibu na klampu, usihamishe klampu mbele ukaendelea. Badilisha.